Wanawake nusu-nusu wa Wangechi Mutu: yule nguva ni wetu au ni wa nani?

#1 MwaniMkavu
Wakuu, salaam. Kuna jambo linanisumbua siku ya tatu sasa. Mdogo wangu anasoma sanaa chuoni, kaja likizo na kitabu cha picha za Wangechi Mutu, yule dada Mkenya anayechanganya kila kitu kwenye kazi moja: vipande vya majarida, wino, lulu, manyoya, udongo, shaba. Nimekifungua nikitegemea twiga na machweo. Wapi! Kila mwanamke mle ndani kakatwa akaungwa upya. Huyu kiungo chake ni kipande cha pikipiki, yule shingoni kaota mizizi, mwingine ngozi ina madoa kama imemwagiwa kemikali. Na bado ni warembo, hilo ndilo linalonichanganya.

Halafu nikafika ukurasa wa maonyesho aliyofanya London mwaka 2014, katika nyumba ya sanaa ya Victoria Miro, na jina lake ni Kiswahili kitupu: "Nguva na Nyoka". Nikakaa chini. Mimi mtoto wa pwani, nguva nimekua naye kwenye hadithi za bibi.

Maswali yangu mawili. Kwa nini hakuna mwanamke hata mmoja aliye mzima? Na yule nguva, mtu wa bara kamtoa wapi?

#2 Kisiki
Nakaa mbele kabisa. Endeleeni.

#3 KaratasiNaMkasi
Nafundisha sanaa sekondari, huyu nimemfuatilia muda mrefu, kwa hiyo nianze na yenye uhakika.

Kazaliwa Nairobi mwaka 1972. Kasoma Loreto Convent Msongari, shule ya masista. Akiwa kijana akaenda Wales, chuo cha United World College of the Atlantic, kisha New York. Shahada ya kwanza Cooper Union mwaka 1996, ya uzamili Yale mwaka 2000. Mwaka 2010 akawa msanii wa kwanza kupewa tuzo ya msanii wa mwaka ya Deutsche Bank.

Kuhusu swali lako la kwanza, jibu langu ni majarida. Anakata majarida ya mitindo, ya pikipiki, ya picha za ngono, na National Geographic. Hebu fikiria mwanamke mweusi anaonekanaje humo. Kwenye la mitindo hayupo, au yupo kama pambo. Kwenye la ngono ni nyama. Kwenye National Geographic yupo kifua wazi pembeni ya mnyama. Wangechi anachukua mkasi na kusema mmenikata vipande miaka yote hii, sasa vipande ninavipanga mimi. Ndiyo maana uzuri na kinyaa vinakaa uso mmoja.

#4 Jembe_Butu
Mwalimu nakukubali, ila usimfanye mchoraji aliyegundua majarida tu. Yale alisoma uchoraji, mkasi ulikuja baadaye.

#5 KaratasiNaMkasi
Hapana mkuu #4. Yale alisomea uchongaji. Watu wengi wanateleza hapo kwa sababu umaarufu wake ulianzia kwenye karatasi. Alipoanza kumwaga shaba watu wakasema "kabadilika". Hakubadilika, alirudi kwenye fani yake.

#6 Jembe_Butu
Sawa, nimekosolewa na nimekubali. Lakini basi nami nina jibu langu. Mimi ni mchongaji. Miaka minne nilipanga chumba kimoja mjini, na mwenye nyumba hataki kusikia nyundo. Unajua nilifanya nini? Nilianza kukata maboksi. Mchongaji hata ukimnyang'anya mti bado anafikiri kwa vipande: hiki kinabeba hiki, hiki kinaegemea kile. Nikiangalia kolaji za Wangechi, yaani picha za vipande vilivyobandikwa pamoja, naona mtu anayejenga sanamu juu ya karatasi bapa. Viungo vile havikukatwa kwa hasira, vimeungwa kama mafundi wanavyounga mbao. Mwalimu anaona siasa, mimi naona karakana.

#7 Mama_Wodi5
Naomba nichangie, mimi si mtu wa sanaa. Nimekuwa muuguzi miaka 22, mingi katika wodi ya wanawake. Binti yangu aliwahi kunionyesha kazi 12 za Wangechi zenye jina refu, "Histology of the Different Classes of Uterine Tumors". Zimejengwa juu ya kurasa za vitabu vya zamani vya udaktari, zile picha za uvimbe wa kizazi, na juu yake kabandika macho, midomo na pua hadi ukurasa ukawa uso wa mtu.

Binti alidhani nitachukizwa. Nilinyamaza muda mrefu. Wagonjwa wangu wengi walikuja na uvimbe waliouficha miaka kwa aibu. Kwenye faili mwanamke ni mchoro wa kizazi na mshale, basi. Huyu dada kaurudishia mchoro uso. Hata daktari aliyeuchora ule ukurasa angelazimika kumtazama machoni.

Kwa hiyo MwaniMkavu, kwangu jibu ni ugonjwa. Mwili wa mwanamke uliokwisha kupita hospitali hauwi mzima kama zamani, na haimaanishi ameharibika.

#8 MwaniMkavu
Mama, nimekusoma mara mbili. Ahsante.

#9 Kisiki
#7 imenigusa. Mama yangu alificha miaka sita.

#10 KaratasiNaMkasi
Mama_Wodi5 naongeza kitu kidogo: hizo 12 wengi wanazoziona makumbusho ni toleo la mwaka 2006, chapa za kidijiti zilizoongezewa vipande juu yake. Hoja yako haibadiliki hata kidogo.

Na kuna mfano mwingine wa miili iliyokatwa usio wa hospitali. Mwaka 2001 alifanya mfululizo unaoitwa "Pin-Up". Kwa mbali unaona wanamitindo waliopozi kwa madaha. Ukisogea unaona huyu hana mguu, yule mkono umeishia kwenye kiwiko. Ni wakati vita vya Sierra Leone viko masikioni mwa watu, mikono inakatwa na almasi zinauzwa. Kwa hiyo Jembe_Butu, hasira ipo. Siyo karakana tupu.

#11 Jembe_Butu
Nakupa hilo moja. Moja tu.

#12 Ndonya
Wakubwa shikamooni. Mimi Mmakonde. Mnazungumza "nusu mtu nusu kitu" kana kwamba imeanzia New York. Kwetu sanamu za shetani zimekuwepo tangu miaka ya 1950, na anayetajwa kuzianzisha ni Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetoka Msumbiji akachonga Dar es Salaam. Jicho moja, sikio linalogeuka mkono, tumbo lenye tundu, mwili umejipinda kama moshi. Babu alikuwa anazichonga na hakuna aliyemuuliza kwa nini hakuna mtu mzima. Shetani ndivyo alivyo, na mti wa mpingo ndivyo ulivyojipinda.

Tena kazi ya Wangechi ya mwaka 2012, "Family Tree", ni vipande 13 vya kolaji vinavyopangwa ukutani kama ukoo. Nilipoiona nikakumbuka zile nguzo zetu za watu waliobebana, wengine mnaziita ujamaa.

#13 KaratasiNaMkasi
Ndonya, ufanano naukubali, uzao siukubali. Sijaona popote akisema alijifunzia kwa Wamakonde. Wanaotajwa sana ni Hannah Höch, Mjerumani aliyekuwa akikata majarida miaka ya 1920, na Romare Bearden, Mmarekani mweusi wa Harlem.

#14 Ndonya
Sikusema alijifunzia kwetu. Nimesema msitafute Berlin kitu ambacho kipo uani. Ufanano nao ni maarifa, mwalimu.

#15 SistaAliyetoka
Mimi nimesoma kwa masista, si shule ile, lakini najua hewa ya pale. Asubuhi hadi jioni unaangaliwa na picha za watakatifu wa kike. Lucia kashika macho yake kwenye sahani. Agatha kashika matiti yake kwenye sinia. Moyo mtakatifu uko nje ya kifua na unawaka. Mtoto wa miaka minane anaviona hivyo kila siku na anaambiwa huo ndio utukufu, kisha akikua anatengeneza wanawake waliokatwa wenye kung'aa, na sisi tunauliza kavitoa wapi!

Na ile video yake ya mwaka 2005, "Amazing Grace": kavaa gauni jeupe anaingia baharini akiimba wimbo wa kanisani kwa Kikikuyu. Wimbo ulioandikwa na mtu aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa. Mimi nililia, kwa sababu nilikuwa nauimba wimbo ule bila kujua ulitoka kwenye mkono gani.

#16 Tembo_wa_Maji
Turudi kwenye nguva, maana nimekuja kwa ajili yake na naona mmempeleka kanisani 😀

Nafanya kazi ya hifadhi ya bahari. Nguva ni mnyama wa kweli: ananyonyesha, anapumua hewa, anakula majani ya bahari kama ng'ombe anavyolisha. Ndugu yake wa karibu nchi kavu ni tembo. Anafika mita tatu na kilo 400 na zaidi. Jike ana chuchu mbili tu, karibu na makwapa, na mimba huchukua zaidi ya mwaka. Baharia akimwona kwa mbali jioni, kichwa nje ya maji na mtoto ubavuni, atasema kaona mwanamke, na simlaumu.

Pwani ya Afrika Mashariki anakaribia kwisha kabisa. Jarife, ule wavu mkubwa, ndilo linalommaliza: ananasa, anashindwa kupanda juu kuvuta pumzi, anazama. Kwetu Tanzania waliobaki wako upande wa Rufiji, Mafia na Kilwa, na ni wa kuhesabu. Kundi lenye matumaini magharibi mwa Bahari ya Hindi ni lile la Bazaruto, Msumbiji.

Nadharia yangu basi: Wangechi hakatikati wanawake. Anatengeneza viumbe vinavyotoweka. Mwanamke na mnyama kwake wako kwenye wavu mmoja.

#17 Bi_Mkunga_Lamu
Wanangu, hamjambo. Nguva wa wazee wetu hakuwa mnyama wa kuhurumiwa. Nguva alikuwa mwenye kuchukua. Mvuvi akirudi peke yake na kimya, wake za watu walijua. Wazee wakisema mvuvi aliyemnasa nguva jike aapishwe kwanza kuwa hakumgusa, ndipo nyama iuzwe. Mimi nimeyasikia haya nikiwa mdogo, kwa mama yake baba.

Huyo binti kama kamchora nguva mwenye meno na kucha, basi kamsikia mtu wa pwani. Nguva mwenye kuchana nywele juu ya jiwe ni wa Wazungu. Wa kwetu alikuwa na haya usoni na hatari mkononi.

#18 MwaniMkavu
Bi Mkunga, shikamoo. Umesema kama bibi yangu. Wa kitabuni hana uzuri wa kuchana nywele, wallahi. Na kuna video yake ya mwaka 2013 inayoitwa "Nguva" tu, kiumbe wa kike anatoka baharini anazurura nchi kavu kama mtu aliyesahau njia.

#19 Bi_Mkunga_Lamu
Marahaba. Basi huyo ni yeye.

#20 Kijitonyama_Art
Mbona hakuna anayemtaja Mami Wata? Afrika Magharibi yote inamjua yule mama wa majini mwenye nyoka shingoni. Jina la maonyesho ni "Nguva NA NYOKA". Nyoka huyo si wa Lamu. Kamuunganisha nguva wetu na Mami Wata wao.

#21 Bi_Mkunga_Lamu
Mwanangu, nyoka hana kabila.

#22 KaratasiNaMkasi
Nyoka alianza naye zamani. Mwaka 2003 alifanya "Yo Mama", kwa heshima ya Funmilayo Ransome-Kuti, mwanaharakati wa Nigeria, mama yake mwanamuziki Fela. Mle mwanamke kakaa kama malkia na nyoka kakatwa kichwa. Wengi wanasoma pale Hawa aliyeamua kummaliza nyoka badala ya kumsikiliza. Kwa hiyo SistaAliyetoka anapata pointi, na Kijitonyama naye anapata, kwa sababu mwanamke mwenyewe ni wa Afrika Magharibi.

#23 Uhamiaji_Haulali
Nawasoma kutoka Minnesota. Wote mnachimba vizuri ila mmeruka kitu ambacho kwa sisi tulio huku kiko wazi. Huyu dada alikaa Marekani miaka mingi bila kuweza kurudi Kenya kwa sababu ya karatasi za uhamiaji. Ukitoka huna uhakika wa kuingia tena.

Mimi nimekaa miaka tisa hivyo. Baba kazikwa nikiangalia kwenye simu, picha inakatika, naona viatu vya watu na udongo. Ukikaa hivyo unakuwa nusu-nusu. Kichwa kinaamka saa za nyumbani, miguu iko kwenye theluji. Unamjenga mama yako kwa vipande: sauti ya wasapu, picha ya mwaka fulani, harufu ya sweta alilokutumia. Wangechi miaka ile alikuwa Brooklyn anakata majarida. Kolaji ndiyo sanaa ya mtu asiyeweza kwenda kuona kwa macho yake.

Sasa angalia alipoanza kurudi na kufungua karakana Nairobi miaka ya 2010, nini kilibadilika? Udongo mwekundu. Matawi, mifupa, pembe, makombe, karatasi iliyopondwa ikachanganywa na gundi. Ile mifululizo ya "Sentinel", wale walinzi warefu wa udongo. Alipopata ardhi aliacha kuibandika, akaishika.

#24 Kisiki
Mkuu #23 pole sana kwa mzee.

#25 Jembe_Butu
#23 hii ni kubwa kuliko yangu ya karakana. Bado siiachi yangu, ila hii ni kubwa.

#26 SistaAliyetoka
Hata "The End of carrying All" naisoma upya baada ya #23. Ni video iliyoonyeshwa kwenye maonyesho ya kimataifa ya Venice (Biennale) mwaka 2015, Okwui Enwezor ndiye aliyeandaa maonyesho makuu mwaka ule. Mwanamke anatembea kwenye upeo wa kilima na kapu kichwani. Kila hatua mzigo unaongezeka: vyombo, nyumba, minara, hadi haonekani tena. Mwishoni ardhi inammeza. Nilidhani ni kuhusu kazi za akina mama. Sasa naona hata wanaotuma pesa nyumbani wamo.

#27 Mkia_wa_Kondoo
Samahani kwa kuchepusha. Mwalimu, ile ngozi ya madoa madoa anaifanyaje? Nimejaribu kwenye karatasi ya kawaida, wino unanyweka tu.

#28 KaratasiNaMkasi
Usiombe samahani, ndilo swali la maana kuliko yote. Kazi nyingi za kipindi kile hazikufanywa kwenye karatasi, zilifanywa kwenye Mylar. Ni shiti ya plastiki ya polyester, waliochora ramani za majengo zamani wanaijua. Haifyonzi. Wino na rangi ya maji vikimwagwa juu yake vinakaa vidimbwi, vinasukumana, vinakauka taratibu kuanzia kingo. Ndiyo maana ngozi zile zinafanana na madoa ya ugonjwa, au ukungu, au ramani ya visiwa. Hakuichora ile ngozi kwa brashi nywele kwa nywele. Aliimwaga akaiacha iamue, kisha akaja na mkasi kuidhibiti. Nusu bahati, nusu ubabe.

#29 Mkia_wa_Kondoo
Duh. Kumbe. Nyingine: kolaji yangu kwenye plaiwudi imevimba na kubanduka pembeni baada ya miezi mitatu, na karatasi za gazeti zimegeuka njano.

#30 Jembe_Butu
Gazeti litageuka njano hata ulipigie magoti. Limetengenezwa kwa mbao zilizosagwa na lignini yake imo, mwanga ukiipata inaungua. Tumia jarida la karatasi ya kung'aa, au toa chapa nzuri ya ukurasa ndiyo ubandike.

Kubanduka ni maji. Umepaka gundi nyeupe nzito upande mmoja, ubao ukanyonya, ukajikunja. Funga ubao kwanza kwa gundi uliyoizimua, pande zote mbili na kwenye kingo, uache ukauke. Kisha paka nyembamba, bandika, weka kitabu kizito juu yake usiku kucha. Na bandika karatasi tupu upande wa nyuma pia ili zivutane sawasawa.

#31 KaratasiNaMkasi
Hapo kwa nyuma ndipo wanafunzi wangu wote wanapokataa kunisikiliza. Nakazia.

#32 Tembo_wa_Maji
Mnaongea gundi, nguva anaisha.

#33 Ndonya
Narudi na jambo jingine, la sahani. Mwaka 2019 aliweka sanamu nne za shaba mbele ya makumbusho ya Metropolitan kule New York, jina la jumla "The NewOnes, will free Us", kila moja ikiitwa "The Seated". Zile nafasi ukutani zilijengwa kwa ajili ya sanamu tangu jengo la mbele lilipokamilika mwaka 1902, na hazikuwahi kupata sanamu yoyote hadi yeye. Miaka 117! Wanawake wanne wamekaa, miili imezungushiwa mikunjo kama nguo au kama nyoka, na kichwani au usoni kuna kisahani kinachong'aa.

Wengi walisema ni sahani za midomo za Wamursi wa Ethiopia. Mimi bibi yangu alivaa ndonya. Ndonya ya mpingo kwenye mdomo wa juu, na chale usoni. Wajukuu tulipokwenda mjini tulikuwa tunaficha picha yake. Tulionea haya uso uliotulea. Nilipoona mwanamke wa shaba pale mlangoni mwa jumba la matajiri, na kile kisahani kinarudisha jua kwenye macho ya wapita njia, niliitoa picha ya bibi kabatini nikaitundika sebuleni. Ipo mpaka leo.

#34 SistaAliyetoka
Bibi yako Mungu amrehemu. Lakini mimi pale nawaona watakatifu na duara zao za nuru kichwani, nisameheni.

#35 Jembe_Butu
Na mimi nawaona wanawake wa kubeba paa. Majengo ya Kigiriki yana nguzo za umbo la mwanamke, na Waluba wa Kongo wana vigoda vya wafalme vinavyobebwa na mwanamke aliyechongwa. Kazi yao siku zote ni kubeba. Wa Wangechi wamekaa. Hawabebi chochote! Mikono yao iko mapajani. Kwa mchongaji hilo tu ni tamko zima.

#36 Uhamiaji_Haulali
Niliziona hizo kwa macho, tulipanga safari na mke wangu. Zilikuwa za muda, wakaongeza muda. Nilisimama pale kwenye ngazi watu wanakula mikate yao, mtoto mdogo mweusi anamuuliza mama yake "huyu ni nani?" Mama akamjibu ni malkia. Mtoto akasema hapana, huyu katoka angani. Nikasema moyoni wote mna haki.

#37 Kijitonyama_Art
Huyo mtoto kagusa kitu. Wataalamu wengi wanamweka kwenye kundi la wanaowaza mustakabali wa watu weusi, viumbe wa kesho, mashine na miungu. Nusu-nusu kwao si jeraha la jana, ni mtu wa kesho. Jina lenyewe linataja "wapya".

#38 Mama_Wodi5
Na wale wawili waliolala je? "Shavasana", mwaka 2019, shaba tena. Wamefunikwa kama mkeka, miguu tu iko nje, kucha zimepakwa rangi, viatu vya mchuchumio vinavuka mguuni. Mwaka 2021 sanamu hizo ziliwekwa San Francisco, katika uwanja wa makumbusho ya Legion of Honor, karibu na ile sanamu ya Rodin ya mwanamume anayefikiri. Jina ni la mkao wa yoga, mkao wa maiti. Nimefunika watu wengi kazini. Miguu ndiyo hubaki nje, shuka huwa fupi. Hao si wa kesho, mwanangu #37. Hao wameuawa.

#39 Kijitonyama_Art
Mama, sina la kujibu hapo. Naacha nadharia yangu nusu.

#40 Mkia_wa_Kondoo
Kuna yenye furaha lakini? Isije ikawa majonzi tu.

#41 KaratasiNaMkasi
Ipo. "Suspended Playtime", mipira mingi imening'inizwa kwa kamba, imefungwa kwa mifuko ya taka ya plastiki na nyuzi. Kila aliyecheza mpira wa juala au wa makaratasi ataijua mara moja. Inayumba karibu na sakafu kama watoto wameitwa ndani kula na wataurudia sasa hivi.

#42 Kisiki
Mpira wa juala! Kenya mifuko ilipigwa marufuku mwaka 2017, watoto wangu hawajui hata kuufunga. Mimi nilikuwa fundi. Unaanza na soksi.

#43 Ndonya
Soksi ni anasa. Sisi tulianza na majani ya mgomba.

#44 MwaniMkavu
Nimerudi. Nimempelekea bibi kitabu chenyewe, yuko kijijini, ana miaka 80 na ushee. Nikamwonyesha "Water Woman" ya mwaka 2017, yule nguva wa shaba nyeusi aliyekaa juu ya kilima kidogo, picha ni ya Texas. Akaiangalia sana. Akapitisha kidole kwenye mkia. Nikamuuliza, bibi, huyu ni wetu? Akasema: "Ni wetu. Lakini nani kamtoa majini?"

Sikuwa na jibu. Hapo ndipo nilipo.

#45 Uhamiaji_Haulali
Mwambie bibi wako wengi huku.

#46 Tembo_wa_Maji
Bibi kauliza swali la jarife bila kujua.

#47 KaratasiNaMkasi
Mwonyeshe na "In Two Canoe", ya mwaka 2022, ilikuwa Storm King, bustani ya sanamu New York. Wawili wamekaa kwenye mtumbwi wa shaba, mikono na miguu imeota kama mizizi ya mikoko, na humo ndani kuna maji ya kweli, ni chemchemi. Hawa maji hawakunyimwa. Na maonyesho yake makubwa ya mwaka 2023 pale New Museum, "Intertwined", yalijaza jengo zima, kazi zaidi ya 100. Ukipata kitabu chake, bibi atakuwa na mwezi mzima wa kuuliza.

#48 MwaniMkavu
Nimemtumia picha kwa simu ya binamu. Kasema mikoko ni sawa, mikoko anaijua. Anataka kujua hao wawili wanakwenda wapi.

#49 Bi_Mkunga_Lamu
Mpe salamu zangu. Mwulize kwao nguva alikuwa na jina jingine? Kwetu kulikuwa na moja halikutajwa usiku.

#50 Mkia_wa_Kondoo
Jembe_Butu, ile gundi ya kufunga ubao nazimua maji kiasi gani?